Mama Mizani Utumeni

Hebu mtazame anavyoshuka. Basi limesimama kituoni, vumbi lake bado halijatua, na mlangoni umetokea kwanza mguu mmoja tu, mguu mnene uliovaa kiatu cheupe cha raba kama cha muuguzi. Mguu unatafuta ardhi, hauioni, unarudi ndani. Nyuma yake sauti ya mwanamume inasema, "Shuka tu, mama, ardhi ipo pale pale, hakuna aliyeihamisha." Mguu unatoka tena. Kisha anashuka mwenyewe mzima, mkoba begani, mwavuli kwapani. Na kabla hajauliza wenyeji wake wako wapi, kabla hata hajajinyoosha mgongo, anamgeukia mwanamke aliyesimama kando ya magunia ya mkaa akiwa na mtoto mgongoni.

"Huyu ana kilo saba na nusu," anamwambia. "Nimekosea?"

Yule muuza mkaa alishangaa, akacheka. "Juzi kliniki wameniambia saba na nusu. Wewe ni mganga?"

"Mganga gani! Mimi ni bibi wa watu. Nimekuja kukaa nanyi."

Ndivyo alivyoingia mji ule, na huyo ndiye ninayetaka kukusimulia. Maisha yake yote ya kazi aliyamalizia kliniki, kwenye chumba cha kupimia watoto. Unaijua ile mizani ya kuning'inia? Mtoto anavalishwa kile kisuruali cha kitambaa, anatundikwa kwenye ndoano, analia kana kwamba anapelekwa kuuzwa, na mshale unayumba huku na huku. Yeye ndiye alikuwa akingoja mshale utulie. Alingoja miaka mingi hata mwishowe hakuhitaji tena mshale. Akimnyanyua mtoto tu, mkono unamwambia, na mara nyingine jicho peke yake linatosha. Watu wakamwita Mama Mizani, jina likashika. Alipostaafu, mtaani kwao walikuwapo wanaume wenye ndevu waliokuwa wakimwamkia huku wakivuka barabara, maana mara ya mwisho kukutana naye kwa karibu walikuwa uchi wakipiga mateke.

Mume wake alikuwa fundi umeme. Mkewe alimwita Fundi, wanawe walimwita Fundi, na nadhani hata yeye mwenyewe akiota aliitwa Fundi. Naye alistaafu. Wakakaa nyumbani mwaka mmoja wakitazamana. Ndipo kanisa lao likatafuta wazee wenye afya wa kwenda utumeni katika miji ambako waumini ni wachache na hawana watu wazima wa kuwashika mkono. Kuhubiri kwenyewe kulikuwa kidogo. Kazi kubwa ilikuwa kukaa na watu: kutembelea wagonjwa, kufundisha akina mama, kukarabati ukumbi, kusuluhisha waliogombana. Fundi alisema, "Kutazamana tumeshatazamana vya kutosha. Twende tukatazame na wengine."

Wakapewa kijumba nyuma ya ukumbi, vyumba viwili na jiko. Utume ule ulikuwa na utaratibu wake: hakuna kwenda peke yako. Ukienda kumwona mgonjwa, mwende wawili. Ukienda sokoni kwa shughuli ya kanisa, wawili. Sasa hawa walikuwa wameoana tangu ujana, lakini yeye alikuwa akishinda kliniki na mwenzake akishinda juu ya ngazi za watu. Hawakuwahi kushinda pamoja asubuhi mpaka jioni. Wiki za kwanza zilikuwa kichekesho. Mama Mizani akiingia nyumba ya watu anakwenda moja kwa moja kwa mtoto. Fundi anakwenda moja kwa moja kwenye swichi. Mwenye nyumba anabaki katikati akijiuliza kama hawa ni watu wa Mungu au wakaguzi.

"Mwamkie mwenye nyumba kwanza," Mama Mizani alikuwa akimnong'oneza mumewe.

"Wewe umemwamkia nani?"

"Mimi nimemwamkia mtoto."

"Na mimi nimeiamkia soketi. Ilikuwa inatoa moshi."

Walipendwa, hata hivyo. Darasa la akina mama lilianza na watu wanne likajaa ukumbi. Na yule muuza mkaa wa kituoni, ambaye mama yake alifariki akiwa msichana mdogo, akawa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Mwanawe akajifunzia kutembea kwenye sakafu ya ukumbi ule, kutoka goti la Mama Mizani mpaka ngazi ya Fundi.

Lakini huko nyumbani walikotoka kulikuwa na jambo, nalo ndilo lenyewe hasa.

Mama Mizani alikuwa na binti mmoja, msusi, mwenye saluni ndogo sebuleni kwake. Binti huyu alikuwa ameolewa muda mrefu bila kupata mtoto. Mama yake alipima watoto wa mji mzima, wa bintiye hakuwapo. Walikuwa hawalizungumzi. Wakati wa kuwaaga wazazi wake binti alitania, "Nendeni tu, hapa hamna mtu wa kupima." Wote wakacheka, halafu kila mmoja akatafuta kitu cha kufanya kwa mikono.

Basi wazee hawajamaliza hata kufungua masanduku, simu ikaingia. Ni msusi.

"Mama, umekaa?"

"Nimekaa."

"Kaa vizuri."

Huhitaji kuambiwa habari yenyewe. Mama Mizani alilia, Fundi akatoka nje kwenda kurekebisha kitu ambacho hakikuwa kimeharibika. Na kabla simu haijakatwa binti akasema, sasa bila utani, "Lakini mama, utakuwepo? Mimi sitaki nesi. Namtaka mama yangu."

"Nitakuwepo," alisema Mama Mizani. Alilisema bila kufikiri, kama unavyomwambia mtoto kwamba jua litatoka.

Msimamizi wa utume, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, alikuwa mtu wa busara. "Wazee wangu," aliwaambia, "mnayo ruhusa moja fupi ya kwenda nyumbani. Chagueni wakati. Ila mkiondoka mnaondoka wote wawili, na ukumbi tunaufunga mpaka mrudi."

Kuchagua wakati, hapo ndipo Mama Mizani alipoteleza, na aliteleza kwa ujuzi wake mwenyewe. Fundi alitaka waende kabla ya tarehe aliyopewa binti yao. Mkewe akakataa.

"Mimba ya kwanza huchelewa. Nimeshika wangapi mimi? Tukienda mapema tutamaliza ruhusa tukimtazama anavyovimba miguu. Tuweke baada ya tarehe. Na darasa litakuwa limeshafungwa, siwezi kuwaacha wale katikati."

"Na huyo mtoto ameambiwa kwamba huchelewa?"

"Fundi, mimi nimekufundisha kuunga waya?"

Fundi akarudi kwenye kazi yake. Binti alipoambiwa akasema, "Wewe ndiye mtaalamu, mama."

Mtoto hakuwa amesikia habari za utaalamu. Alikuja mapema kuliko hata tarehe yenyewe, asubuhi moja ya Jumamosi, darasa likiwa limejaa. Fundi yuko juu ya ngazi anabadilisha taa, Mama Mizani yuko mbele anaeleza jambo la kunyonyesha, na simu ikalia, ile ya kuonana sura. Mkwe wake, dereva wa lori, uso umejaa kioo chote.

"Mama! Shikamoo! Tumepata mtoto wa kike!"

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Akina mama wakamzunguka, kila mmoja akitaka kuona. Mkwe akageuza simu, na hapo akatokea binti, amelala kwa ubavu, nywele zimevurugika, midomo imekauka, kifurushi kidogo kimelala kifuani. Alitabasamu. Alikuwa akisubiri.

Na Mama Mizani akasema, "Kilo ngapi?"

Binti alipepesa macho. "Tatu na robo."

"Alilia papo hapo? Ananyonya? Anakamata titi lote au ncha tu? Hebu mfunue nimwone rangi ya nyayo."

"Ananyonya, mama."

Wakati huo huo mtoto wa muuza mkaa, aliyekuwa ameanza kusema maneno mawili matatu, akaja akamvuta nguo. "Bibi! Bibi!"

"Ngoja, mjukuu wangu," akasema Mama Mizani, akampakata kwa mkono mmoja, simu mkono wa pili.

Binti aliona yote hayo. Aliuona ukumbi, akawaona wanawake, akamwona na yule mtoto mapajani. "Mama, naona una shughuli," alisema taratibu. "Tutaongea." Kioo kikawa cheusi.

Wanawake waliendelea kushangilia, hawakuona kitu. Aliyeona ni mtu wa juu ya ngazi. Fundi alishuka polepole, akafuta mikono, akangoja hadi waliposhuka watu kwenye ngazi za nje na ukumbi kubaki mtupu.

"Umeuliza mzigo," alimwambia, "hukumuuliza mchukuzi."

Mama Mizani hakuelewa. Halafu akaelewa, akakaa kwenye benchi.

Alipiga simu mchana, akapokea mkwe. "Amelala, mama." Alipiga jioni. "Anaoga, mama." Kesho yake amelala, kesho kutwa anaoga. Mkwe mwenyewe maskini alikuwa akiona aibu, maana dereva wa lori hajui kudanganya. Sauti ya binti ilisikika nyuma ikiongea na wateja.

"Binti yangu sasa analala na kuoga kuliko malkia," Mama Mizani alimwambia mumewe, akajaribu kucheka. Kicheko hakikufika mbali.

Alianza kukumbuka kile chumba cha kliniki. Kila mtoto aliyetundikwa kwenye ndoano, mama yake alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Alizikumbuka sauti za wale watoto. Nyuso za wale mama alizitafuta kichwani, akapata chache mno. Macho yake yalikuwa kwenye mshale. Na aliyekuwa akimwogopesha sasa si yule mtoto wa kilo tatu na robo, ambaye hajui lolote. Ni yule mkubwa, ambaye alisema "namtaka mama yangu" na akaletewa nesi. Je, mlango huo ukishafungwa, atapita wapi kumfikia mjukuu?

Siku ya tatu muuza mkaa alileta gunia nyuma ya nyumba. Akamkuta Mama Mizani anafua shuka safi.

"Bibi, shikamoo. Mjukuu hajambo?"

"Hajambo. Nasikia hajambo."

"Unasikia?" Muuza mkaa aliketi juu ya gunia lake. "Na mama yake?"

Hapo Mama Mizani aliiacha shuka ndani ya beseni. Akamsimulia yote, bila kujitetea.

"Sasa unafua nini hapa?" muuza mkaa alimuuliza.

"Ruhusa yangu bado. Na darasa?"

"Darasa tutalimalizia wenyewe, hata uani kwangu. Kwani umetufundisha ili tusiweze? Nenda, Bibi. Mimi wa kwangu alipozaliwa hapakuwa na mtu wa kuniuliza hata kama nimekunywa maji. Mwanangu hapa hatapungua kilo. Na akipungua nitakupigia unigombeze."

"Wewe msichana una mdomo."

"Nimeupata darasani."

Fundi alikuwa amesimama mlangoni na sanduku lake la vifaa, limefungwa, na kofia kichwani. Hakuna aliyemwambia avae kofia. Msimamizi alipopigiwa simu alisogeza ruhusa yao bila maneno mengi. Ila aliongeza hivi: "Mama, mkifika mkaona nyumbani kunawahitaji zaidi, mnaweza kumalizia utume hapo hapo. Mmefanya kazi. Hakuna atakayewalaumu."

Neno hilo lilisafiri nao kwenye basi kama abiria wa tatu. Hawakulizungumzia.

Walifika adhuhuri. Saluni ilikuwa imefunguliwa lakini haina mteja: viti viwili mbele ya kioo, draya kwenye kona, vifurushi vya nywele za bandia vimening'inizwa ukutani kwa rangi. Binti alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja ananyonyesha. Aliinua uso.

"Karibuni," alisema, kama unavyomwambia mtu aliyekuja kuulizia bei.

Fundi alimbusu bintiye utosini, akatazama draya. "Hii inafanya kazi?"

"Ilikufa mwezi uliopita, Fundi."

"Basi mimi nipo kwenye kona." Na akaenda kwenye kona.

Mama Mizani hakumgusa mtoto. Na mtoto alikuwa pale, mkono wake umetoka nje ya nguo, vidole vinafunguka na kufunga, na mikono ya Mama Mizani, ninakwambia, ilikuwa ikiwasha. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya magoti ya bintiye.

"Unaendeleaje, mwanangu?"

"Mzima."

"Sikuulizi kwa salamu. Unaendeleaje?"

Binti alitazama pembeni. "Leo huulizi kilo?"

"Kilo zitakuja zenyewe. Nimekuja kukuona wewe."

"Nilikusubiri, mama." Sauti ilianza kukatika. "Kule wodini nilikuwa nawaambia, mama yangu anakuja, mama yangu anajua haya mambo. Halafu nakuona kwenye simu umempakata mtoto wa watu, unaniuliza nyayo."

"Nilikosea tarehe, na nikakosea swali. Tarehe siwezi kuirudisha. Nisamehe."

 Machozi yalimdondoka binti yakamwangukia mtoto, mtoto akakunja uso, na Fundi kwenye kona akaangusha bisibisi chini kwa makusudi kabisa, wapate kisingizio cha kugeuka.

Mama Mizani ndipo alipoziona nywele. Msusi, anayesuka mji mzima, nywele zake zilikuwa hazijaguswa na chanuo tangu ajifungue. Akainuka, akachota maji ya uvuguvugu, akazilainisha kidogo kidogo, akachukua chanuo.

"Mama, wewe hujui kusuka."

"Sijui. Kaa kimya."

Alisuka. Mstari wa kwanza ulianzia sikioni ukaishia ulikotaka wenyewe. Wa pili ukaufuata wa kwanza kwa hasira. Kila baada ya kidogo alikuwa akiuliza jambo: usingizi unapata? Mgongo je? Uliogopa? Nani alikushika mkono? Na binti alijibu, kwanza kwa neno moja moja, halafu kwa sentensi, halafu akasimulia habari nzima ya siku ile, toka uchungu ulivyomkuta amemshika mteja kichwani mpaka mteja mwenyewe alivyokimbilia barabarani kuita gari na nusu ya kichwa haijasukwa.

Alipojitazama kwenye kioo alipiga ukelele. "Mama! Huu ndio msuko wa twende kilioni au ni twende mahakamani?"

Walicheka hadi mtoto akaacha titi akashangaa. Ndipo binti akamnyanyua, akamweka mikononi mwa mama yake bila kusema kitu.

"Haya," alisema. "Sema basi. Najua unakufa."

"Tatu na robo ile ile," alinong'ona Mama Mizani. "Hajapungua hata chembe. Maziwa yako ni mazuri."

Siku zilizofuata zilikuwa za raha ndogo ndogo. Fundi alifufua draya, kisha akatafuta kingine cha kufufua. Mama Mizani alifua, alipika, alimwogesha mtoto mchana binti apate kulala. Wifi yake binti, mke wa kaka yake, alikuja na tumbo lake la miezi sita, akaketi mbele ya mama mkwe wake na kunyoosha kidole. "Mama, mimi nakuambia mapema. Nikikupigia siku yangu, swali la kwanza ni hali yangu. La pili pia ni hali yangu. Kilo ni la tatu."

"Na tarehe?"

"Tarehe usinipangie."

Lakini lile neno la msimamizi lilikuwa bado halijatoka kwenye mizigo. Lilimponyoka Fundi siku ya mwisho, akiwa anafunga kifuniko cha soketi, alipomwambia mkwe wake kwamba wakitaka wanaweza wasirudi. Binti alikuwa anachana nywele za bandia. Mkono ukasimama.

"Kweli, mama? Mnaweza kubaki?"

"Tunaweza."

"Na wewe unataka?"

Mama Mizani alifikiri. Safari hii alifikiri. "Nataka hapa. Nataka na kule. Kule kuna watu wananingoja, na sijamaliza nao. Siwezi kukudanganya."

"Nikikuambia ubaki?"

"Nitabaki."

"Hivi hivi?"

"Hivi hivi. Sema tu, namwita Fundi afungue masanduku."

Binti alimtazama mama yake muda mrefu, kama anayengoja mshale utulie. Kisha akaanza tena kuchana, na uso wake ulikuwa umepoa.

"Nenda kamalize," alisema. "Mimi nilikuwa nataka kujua tu kwamba ungebaki."

Asubuhi yake mkwe alipeleka masanduku kituoni kwa mkokoteni wa jirani, Fundi akitembea nyuma akiusimamia kama ni nguzo ya umeme. Mama Mizani alisimama mlangoni mwa saluni na mjukuu kifuani. Alikwisha kuagana naye mara tatu, na kila mara alikuwa amesahau kitu. Binti alikuwa amefunga kitambaa kichwani. Ile mistari alikuwa hajaifumua.

"Mama," alisema, akinyoosha mikono kumpokea mtoto. "Utume wenu bado una mwaka. Huyu atatembea hujarudi, ataanza na kusema. Siku atakaponiuliza bibi yake yuko wapi, na kwa nini yuko na watoto wa watu wengine, nimwambieje?"

 Mama Mizani alimtazama mjukuu, akamtazama binti. "Hilo nipe muda," alisema. "Nitakupigia. Na nikikupigia nitakuuliza hali kwanza."

Binti akacheka, akampokea mtoto, na mama yake akashika njia ya kituoni kwa viatu vyake vyeupe, hatembei haraka wala hageuki nyuma. Safari ni ndefu, na jibu hilo atakuwa analitafuta njia nzima, Fundi akisinzia begani mwake. Nawe msikilizaji wangu, kama ungekuwa umeketi kiti cha jirani naye kwenye basi lile, akakugeukia akakuuliza, ungemwambia ajibu nini?